Mwenye Jembe na Mwenye Kauli

Hotuba kwa wenyeviti wa vijiji, watendaji na wanavikundi, Chamwino, Dodoma, katika Siku ya Kimataifa ya Mwanamke wa Kijijini, 15 Oktoba

Mbukwenyi!

Ndugu mwenyekiti wa kikao, waheshimiwa madiwani, wenyeviti wa vijiji, watendaji, akina mama wa vikundi, wazee wangu na vijana: itifaki naomba ihesabiwe imezingatiwa, maana jua la Oktoba mnalijua na turubai hili halitutoshi.

Barua ya mwaliko imenipa kichwa kirefu: usawa wa kijinsia na mchango wake katika kupunguza umaskini duniani. Basi dunia niiseme kwanza. Watu zaidi ya milioni 800 wanaishi chini ya dola 3 kwa siku, ambacho ndicho kipimo kinachotumiwa na Benki ya Dunia tangu Juni 2025. Hapa nchini, utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya Watanzania hawamudu mahitaji ya msingi. Mwaka 2007 walikuwa asilimia 34.4. Tunapungua, ila kwa mwendo wa kinyonga. Namba hizo mtazisikia redioni, na waheshimiwa watazitaja bungeni. Mimi nilikuwa bibi shamba, kwa hiyo nitazungumzia shamba.

Ninachokuja kusema ni hiki: nyumba ambamo anayelima hana kauli juu ya shamba, juu ya mavuno na juu ya fedha, nyumba hiyo inajipunguzia chakula na fedha yenyewe, kabla dalali hajagusa kitu na hata mvua ikiwa nzuri. Haki ni jambo moja, nalo nalikubali moja kwa moja. Lakini leo nataka tuzungumze hasara.

Nimekaa kwenye ugani nikiona miradi ikija na kuondoka. Mingi ilikuja na dhana kwamba mwanamke wa kijijini ni maskini kwa sababu hana shughuli. Akapewa kuku. Akapewa cherehani. Akapewa bustani ya mchicha pembeni ya kisima na semina ya siku mbili yenye soda. Mama huyu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anafuata maji, anasonga ugali wa uwele, anashinda shambani, akirudi anatafuta mlenda, anakusanya kuni, anaogesha watoto. Shirika la Kazi Duniani lilikokotoa mwaka 2018 kwamba kati ya saa zote za kazi za nyumbani zisizolipwa duniani, asilimia 76 zinafanywa na wanawake. Na sisi tukamwongezea kuku, tukaita ukombozi.

Sasa chukueni alizeti, zao ambalo nyumba nyingi hapa zinalitegemea kwa mafuta na kwa fedha ya sare za shule. Mvua ikikaa Desemba, mama anapanda. Januari yuko kwenye palizi, Februari anairudia. Mei na Juni vichwa vinakatwa, vinaanikwa, vinapigwa kwa fimbo juu ya turubai, vinapepetwa kwa ungo. Lile vumbi lake linavyowasha shingoni, aliyepepeta hahitaji kusimuliwa. Mpaka hapo baba amepita mara mbili tatu kuuliza zimefika gunia ngapi. Siku gari la mnunuzi linapoingia kijijini, anayesimama kwenye mizani ni baba, kama mizani ipo. Kama haipo basi ni lumbesa: gunia linavishwa kilemba, linashonwa likiwa limezidi, na bei inabaki ile ile ya gunia moja. Fedha inahesabiwa, inaingia mfuko wa shati.

Mama anajua kwamba gunia likishafika pale, yeye hana habari nalo tena. Kwa hiyo anafanya nini? Akina mama mnacheka, mnalijua jibu. Anachota. Jioni baba akiwa kilabuni, anajaza kisado, anafunika na kanga, anakwenda kwa jirani mwenye duka. Mwenye duka anafahamu kwamba huyu hawezi kubishana bei, hawezi kusubiri, na hawezi kupeleka mzigo mashineni wala mnadani mchana kweupe. Anampa anachotaka yeye. Fedha ile inanunua sabuni, daftari, dawa ya kikohozi ya mtoto. Ni mazao ya nyumba hiyo, yamekwenda kwenye mahitaji ya nyumba hiyo, lakini yameuzwa kwa mwendo wa wizi na kwa bei ya wizi. Mwenye duka anayakusanya visado kwa visado mpaka yanakuwa magunia, anayaweka ndani, na bei ikipanda anayauza. Wakati mwingine anamuuzia baba yule yule mbegu ya kupanda.

Haya, fanyeni hesabu wenyewe. Nyumba ngapi katika kijiji chako, mwenyekiti, visado vingapi kwa msimu? Mazao hayo hayakuliwa na mdudu wala hayakukaushwa na jua. Yamepotea kwa sababu watu wawili wanaolala chumba kimoja hawawezi kukaa mezani wakasema gunia hizi tatu ni za kuuza, hili la chakula, hili la ada.

Na simsemi baba kana kwamba ni mtu mbaya. Naye anaficha, kwa sababu anajua mke anachota. Akipata fedha anaimaliza haraka kabla haijaulizwa. Wote wawili wanaishi kwa kuviziana, na mwisho wa msimu hakuna aliyeweka ya mbegu wala ya dawa ya viwavi. Nyumba ya namna hiyo haiwezi kupanga mwaka mmoja mbele, sembuse kumsomesha mtoto mpaka chuo.

Mtasema hayo ni ya Wagogo wa hapa Dodoma. Hapana. Mchumi mmoja, Christopher Udry, alichambua takwimu za vijiji vya Burkina Faso, nchi kavu kama yetu, mtama na uwele kama wetu. Kule mke ana shamba lake na mume ana lake. Alilinganisha mashamba ya nyumba moja, zao moja, mwaka mmoja. Ya wanawake yalitoa mavuno pungufu kwa takriban asilimia 30. Mwanzoni mtu angedhani wanawake hawajui kulima. Alipofuatilia akakuta samadi karibu yote imekwenda kwenye mashamba ya wanaume, na nguvukazi kubwa nayo vivyo hivyo. Samadi ikirundikwa mahali pamoja haiongezi mavuno kwa kiasi kile kile. Ingegawanywa, nyumba nzima ingevuna zaidi bila kununua hata mfuko mmoja wa mbolea. Huo utafiti ulichapishwa miaka ya 1990 na bado naona unatuhusu, kwa sababu zizi la ng'ombe hapa ni la nani? Na jembe la kukokotwa?

Hapo kwenye jembe nikae kidogo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na sehemu nyingi za mkoa huu hupata milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, basi. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila siku ina thamani. Wale ng'ombe wanalima kwanza shamba la mwenyewe, kisha la kaka yake, kisha la anayelipa taslimu, na shamba la mke, au la dada aliyerudi nyumbani, au la mjane, linafikiwa wiki mbili au tatu baadaye. Mtama uliopandwa kwa kuchelewa hapa kwetu unakutwa na ukame ukiwa unatoa masuke. Halafu afisa anakuja anaandika kwenye fomu: tija ndogo, mkulima mwanamke. Anampa semina ya kilimo bora.

Mwaka 2015 Benki ya Dunia pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa, la wanawake, la maendeleo na la mazingira, walikokotoa gharama ya pengo hili la mavuno kati ya wakulima wanaume na wanawake kwa Malawi, Tanzania na Uganda. Kwa Tanzania walisema kuliziba kungeongeza pato la taifa kwa dola milioni 105 na kuwatoa watu 80,000 kwenye umaskini kila mwaka, kwa miaka kumi. Shirika la Chakula na Kilimo nalo lilikadiria mwaka 2011 kwamba wakulima wanawake wa nchi zinazoendelea wakipata ardhi, mbegu, mbolea na mikopo sawa na wanaume, watu wenye njaa duniani wangepungua kwa milioni 100 hadi 150. Hayo ni makadirio, na mimi makadirio huyapokea kwa tahadhari. Lakini sijaona hata moja linaloelekea upande wa pili.

Tuje kwenye ardhi, maana huko ndiko kauli inakoanzia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi ni sawa na ya mwanaume. Baraza la ardhi la kijiji lina watu saba, na watatu lazima wawe wanawake. Wenyeviti mnalijua hilo, na baadhi yenu mmetimiza kwa kuandika majina ya akina mama ambao hawajawahi kuitwa kikaoni. Nawatazama, sitaji kijiji. Hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina mawili, la mume na la mke, picha mbili, sahihi mbili. Nafasi ipo kwenye fomu. Inapojazwa jina moja, si sheria iliyokataa. Ni sisi pale ofisini tuliomuuliza mzee peke yake: jina?

Kwenye mirathi hali ni ngumu zaidi, na hapa sheria yenyewe inapingana. Mila za mirathi zilizoandikwa rasmi mwaka 1963 zinampanga mtoto wa kiume mkubwa daraja la kwanza, wanaume wengine daraja la pili, mabinti daraja la mwisho. Mjane, fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, walifukuzwa na ndugu wa marehemu, wakaenda mahakamani. Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni zile ni za kibaguzi, lakini haikuzifuta. Shauri likafika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Fikirieni njia ndefu waliyopita wanawake wale kutafuta kilichokuwa chao.

Lakini mahakama zetu pia zimefanya makubwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai, lakini kanuni ile inasimama mpaka leo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba kwa baba yake na kuliuza, alikuwa na haki ya kuliuza kama mwanaume yeyote wa ukoo. Jaji alitumia Katiba yetu wenyewe. Anayesema mambo haya yameletwa na Wazungu akasome hukumu hiyo. Na Mkutano wa Beijing kuhusu wanawake wa 1995, unaotajwa kila mahali usawa unapotajwa, katibu mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Tena kwa mila hizi hizi za Kigogo, ngoma ya muheme wanapiga wanawake. Hatujawahi kusikia mtu akilalamika kwamba wanawake kushika ngoma ni utamaduni wa nje.

Kwa nini naikazania ardhi Dodoma kuliko ningeikazania mahali pengine? Kwa sababu ya mji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, lakini Serikali ilipoanza kuhamia kweli kweli mwaka 2016, mashamba ya pembezoni yakawa viwanja. Na sasa treni ya umeme inafika hapa kutoka Dar es Salaam tangu 2024. Shamba la mtama ambalo mama amelipalilia tangu aolewe linauzwa kwenye meza ya baa. Mnunuzi anakuja na mtendaji, wanasaini, fedha inatoka. Mama anajua siku anapokuta mawe ya mipaka yamechimbiwa katikati ya karanga zake. Fedha inanunua pikipiki, pikipiki inapata ajali, inabaki nyumba isiyo na shamba wala pikipiki. Nimezungumza na akina mama wa hali hiyo ambao leo wanaponda kokoto kwenye milima ya mji huu, wanauza kwa ndoo. Walikuwa wakulima wenye chakula chao. Umaskini wao umetengenezwa kwa sahihi moja, na kwa bahati mbaya sahihi ya pili, ile ya ushahidi, huwa ni ya kiongozi wa mtaa au kijiji.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mmoja wa wanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ninyi ni watu wa kwanza mnaoweza kuuliza: mama yuko wapi? Swali hilo halina gharama.

Rwanda wanatupa somo zuri na onyo. Walirekebisha sheria ya mirathi mwaka 1999, baadaye wakapima ardhi nchi nzima na kuandika majina ya mume na mke. Wanawake walionufaika ni wale wenye ndoa zilizosajiliwa. Waliokuwa wakiishi na waume bila cheti, na wake wa pili, wengi walibaki nje ya hati. Ndoa zetu nyingi vijijini ni za kimila, hazina karatasi. Mtu akisubiri cheti ndipo aandike jina la mama, ataacha nusu ya kijiji.

Mikopo nitaipitia haraka, kwa sababu nadhani inasemwa kupita kiasi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, bila riba. Utaratibu ulisimamishwa Aprili 2023 ukarejea 2024, na sababu za kusimamishwa mnazijua, vikundi hewa vikiwamo. Ni fedha nzuri. Lakini mama asiye na kauli nyumbani anasaini mkopo, baba anautumia, mama anarejesha. Kwa mama wa namna hiyo ningependa aanze na VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, ambako wenzake wanamjua na watamuuliza.

Jambo la nani anapokea fedha, hata hivyo, lina ushahidi usiopingika kirahisi. Afrika Kusini ilipopanua pensheni ya wazee kwa watu weusi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mchumi Esther Duflo alichambua vipimo vya watoto wa nyumba zilizopokea. Pensheni ilipoingia mkononi mwa bibi, wajukuu wa kike waliongezeka uzito. Ilipoingia mkononi mwa babu, mabadiliko hayo hayakuonekana. Mababu mliopo msinikasirikie, mimi naripoti tu. Ndiyo maana malipo ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa kaya maskini kwa sehemu kubwa hupokelewa na akina mama.

Kuhusu mabinti nitasema maneno machache makali. Sheria yetu ya ndoa iliruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya wazazi, wakati kijana wa kiume ni 18. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi. Na tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Mzee anayepokea ng'ombe wa mahari ya binti wa darasa la saba amepata ng'ombe, na ukame mmoja unatosha kuwamaliza. Binti yule ataanza kuzaa akiwa mtoto, bila elimu na bila kauli, na tutarudi hapa kuzungumzia visado vya watoto wake.

Kuna swali nililoulizwa wakati wa chai na mwenyekiti mmoja, tena kwa heshima: kama usawa unaondoa umaskini, mbona Rais ni mwanamke tangu 2021, Spika wa kwanza mwanamke, Anna Makinda, tulimpata mwaka 2010, na sisi bado tuko hapa? Ni swali la haki. Uongozi wa juu haufiki ghalani peke yake. Ila ukishuka kijijini, unagusa. India walipotenga theluthi ya nafasi za uenyekiti wa mabaraza ya vijiji kwa wanawake kuanzia 1993, watafiti walikuta huko West Bengal kwamba vijiji vilivyoongozwa na wanawake viliwekeza zaidi kwenye maji ya kunywa. Anayebeba ndoo anajua bomba liwekwe wapi. Na naongeza: usawa peke yake hautashusha mvua, hautatengeneza barabara ya kwenda sokoni, wala hautapandisha bei ya alizeti mafuta ya nje yanapofurika. Anayewaambia kwamba utafanya yote hayo anawauzia mradi.

Sasa wenyeviti, kabla mvua haijaanza mna mkutano mkuu wa kijiji. Naomba mambo haya yaingie kwenye ajenda, si kwenye mengineyo. Daftari la hati lisomwe hadharani: hati ngapi zina majina mawili, ngapi zina moja, na wenye moja waulizwe kama wako tayari kuongeza. Zamu ya majembe ya ng'ombe izungumzwe, mashamba ya wajane na ya akina mama wanaolima peke yao yasiachwe mwisho. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, kwa hiyo siku ya mnunuzi kuwe na mizani, na mume na mke wafike wote wawili, fedha ihesabiwe mbele yao. Hili la mwisho vikundi vingine vya ushirika wanalifanya tayari, na hakuna ndoa iliyovunjika kwa sababu hiyo ninayoijua mimi.

Mtendaji, ukiletewa karatasi ya mauzo ya shamba, usiweke muhuri siku hiyo hiyo. Mwambie muuzaji arudi kesho na mkewe.

Muda wangu umekwisha, naona mshereheshaji ananipungia. Maswali tuanze na akina mama walioko nyuma kule, maana hapa mbele mmezungumza tangu asubuhi. Mama mwenye kitenge cha njano, karibu kipaza sauti.